Zingifuri: Jina la Kiarabu, Mti wa Amerika

Katika mashamba ya viungo ya Unguja mgeni hupasuliwa tunda lenye miiba laini, ndani mna mbegu za rangi ya chungwa iliyokolea. Mti huo ni mzingifuri. Kwa kuwa jina lake ni la Kiarabu, wengi wetu hudhani uliletwa na majahazi ya kaskazi tangu zama za kale. Tarehe hazikubali.

Zunjufri, neno ambalo Waarabu walilipata kwa Waajemi, lilikuwa jina la jiwe, yaani madini mekundu ya zebaki na kiberiti, ambayo waandishi waliyasaga kupata wino mwekundu. Mmea wenyewe asili yake ni nchi za joto za bara la Amerika, na haukuvuka Atlantiki kabla ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Ibn Battuta, aliyepita Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka 1331, asingeweza kuuona. Basi jina lilitangulia, mti ukafuata. Kwa manjano mambo yalikwenda kinyume: huko mmea ndio uliotoa jina la rangi.

Jambo hili si la maneno matupu. Zebaki ni sumu, mbegu huliwa. Wala rangi isitudanganye katika lishe. Biksini ya zingifuri na kurkumini ya manjano hupendezesha chakula, lakini mwili hauzigeuzi kuwa vitamini A. Hiyo huitoa katika karotini ya embe, boga, mawese na viazi vitamu vya rangi ya chungwa, ambavyo Robert Mwanga wa Uganda alivishughulikia hadi akashirikishwa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016.

Hapa Garland mbegu zile zile huuzwa katika maduka ya Wameksiko kwa jina la achiote, neno la Kinahuatl, na Wavietnamu huzikaanga kupata mafuta ya rangi. Jibini ya cheddar wanayokula wajukuu wetu aghalabu hutiwa rangi hiyo hiyo. Wanaila kila siku, ila jina letu hawalijui.

Familia zenye madaftari ya zamani ya duka au ya jikoni zisiyatupe. Neno zingifuri likiandikwa pamoja na karatasi na kalamu, huenda ni jiwe. Likiwa pamoja na bizari na hiliki, hiyo ni mbegu. Tarehe iliyo juu ya ukurasa ndiyo shahidi wetu.