Daomei: neno la Wachina la mkosi, lililotoka kwenye mtihani

Katika inchi ya China, mtu akikosa basi, akinyeshewa njiani ama simu ikimwangukia majini, anasema neno moja: daomei. Maana yake ni mkosi, ile bahati mbaya ya kila siku. Lakini masimulizi ya Wachina yanasema neno hilo lilianzia kwenye mtihani.

Tangu karne ya 7 hadi mwaka wa 1905, njia moja kubwa ya kupata kazi ya serikali ilikuwa kushinda mtihani wa mfalme. Ule wa jimbo ulifanyika kila miaka 3. Kila mtahiniwa alifungiwa peke yake katika kijumba chembamba, akiandika, akila na kulala humo humo. Mjini Nanjing vijumba hivyo vilipita 20 000. Walioshinda walikuwa wachache sana.

Inasimuliwa kwamba mwishoni mwa utawala wa Ming, ulioanguka mwaka wa 1644, jamaa za Zhejiang zilisimamisha mlingoti mbele ya nyumba kabla ya mtihani, kumtakia mtoto wao heri. Akishinda, mlingoti ulibaki. Akishindwa, uliangushwa. Dao ni kuanguka, mei ni ule mlingoti. Majirani walijua bila kuuliza. Leo wengi wanaandika mei kwa herufi nyingine, yenye maana ya kuvu inayoozesha vitu.

Kwa wengine kushindwa hakukuishia kwenye mlingoti. Hong Xiuquan, mtoto wa wakulima wa Guangdong, alishindwa mtihani mara 4. Baada ya mara ya 3 aliugua na kuona maono. Baada ya mara ya 4, mwaka wa 1843, alianza kujitangaza kuwa mdogo wake Yesu, na maskini wengi wakamfuata. Vita yao na serikali ya mfalme, vita ya Taiping, ilidumu hadi mwaka wa 1864. Wanahistoria wengi wanahesabu waliokufa kuwa milioni 20 ama zaidi. Mamilioni walikimbia makwao.

Mtihani mmoja haukutosha kuleta hayo. Kulikuwa na njaa, kodi nzito na wakubwa wala rushwa. Mvua ikilowesha nguo zilizoanikwa, huo ni mkosi. Jamaa ikifukuzwa nyumbani kwa bunduki, kuna watu waliofanya hivyo, na kuita jambo hilo bahati mbaya ni kuwaficha. Mara nyingi Wachina hulitumia neno daomei kwa mambo madogo: basi lililoondoka, simu iliyoanguka majini.