Tarehe ya Wapiga Besi: Havana, Detroit na Kingston

Besi ni sauti ya chini kabisa katika bendi, na vyombo viwili ndivyo vilivyoitumikia zaidi katika karne ya 20: kontrabasi, chombo kikubwa cha jamii ya fidla ambacho mpigaji husimama nacho ubavuni na kukidonoa kwa vidole au kukisugua kwa upinde, na gitaa la besi, linalovaliwa kwa mkanda begani na kutegemea umeme ili lisikike. Vyote viwili kwa kawaida vina nyuzi nne zinazolinganishwa kwa sauti zilezile, jambo lililowawezesha mafundi wengi kuhama kutoka chombo cha kwanza kwenda cha pili bila kuanza masomo upya. Mpiga besi ndiye anayefunga ngoma na mahadhi pamoja, na wachezaji wanapoinuka vitini mara nyingi yeye ndiye aliyewainua. Hata hivyo sheria za hakimiliki zimezoea kumtambua mtunzi wa maneno na mahadhi peke yake, huku mdundo wa besi ukihesabiwa kuwa pambo lililonunuliwa kwa ujira wa siku. Suala hilo la nani mwenye mdundo ndilo linalounganisha maisha ya watu wanaotajwa hapa, ingawa waliishi katika miji na miziki tofauti.

Inafaa kuanzia Cuba, kwa sababu huko kazi ya besi ilikuwa mikononi mwa watu wenye asili ya Afrika kabla ya wao kupata kontrabasi. Wapigaji wa son, muziki wa mashariki ya kisiwa uliochanganya gitaa za Kihispania na mapigo ya Kiafrika, walipata sauti ya chini kwa botija, yaani mtungi wa udongo uliopulizwa mdomoni pake, au kwa marímbula, sanduku la mbao lenye ndimi za chuma ambalo mpigaji alilikalia na kuzidonoa ndimi zile kwa vidole. Marímbula ni ndugu mkubwa wa likembe ya Kongo na ilimba ya Wagogo, na ufundi wake ulivushwa bahari na watu waliouzwa utumwani kutoka Afrika ya Kati. Son ilipohamia Havana na kuanza kurekodiwa katika miaka ya 1920, makundi ya mjini yaliacha mitungi na masanduku yakashika kontrabasi, iliyosikika vizuri zaidi katika kumbi na katika santuri. Mmoja wa mafundi wa mageuzi hayo, Ignacio Piñeiro, aliyezaliwa mwaka 1888, alifundishwa kontrabasi na mwimbaji María Teresa Vera walipokuwa katika kundi moja lililokwenda New York kurekodi mwaka 1926, na mwaka uliofuata akaanzisha kundi lake lililokuja kuwa mashuhuri kwa jina la Septeto Nacional. Kwamba mwalimu alikuwa mwanamke ni jambo la kuwekwa wazi, maana tarehe nyingi za chombo hiki huandikwa kana kwamba hakikuguswa ila na wanaume.

Hakuna nyumba iliyotoa wapiga besi wengi kama ukoo wa López wa Havana, ambao watu wake walioshika kontrabasi, kwa hesabu ya wenyewe, walizidi 30. Aliyejulikana kuliko wote, Israel López, aliyeitwa Cachao, alizaliwa tarehe 14 Septemba 1918, na utotoni alipiga katika majumba ya sinema isiyo na sauti, ambako wanamuziki waliketi mbele ya pazia na kuifuata picha kwa muziki. Alipoingia katika orkestra ya filhamoni ya Havana alikuwa bado mtoto wa miaka 12 au 13, mfupi kiasi kwamba ilimlazimu asimame juu ya sanduku ili mikono yake ifike shingoni mwa chombo, na aliendelea na orkestra hiyo kwa takriban miaka 30. Usiku alifanya kazi nyingine: tangu mwaka 1937, yeye na kaka yake Orestes, aliyepiga selo na piano pamoja na besi, walikuwa nguzo za bendi ya mpiga filimbi Antonio Arcaño, iliyopiga danzón, yaani muziki wa dansi ya adabu uliopendwa na watu wa makamo.

Katika bendi hiyo ndugu hao wawili waliifungua sehemu ya mwisho ya danzón na kuijaza mapigo ya mkatomkato, ambapo besi hailikanyagi pigo la kwanza, bali hulitangulia kidogo kisha hulipisha, hata mwili wa mchezaji ukalazimika kulijaza pengo lile kwa hatua yake mwenyewe. Mwaka 1938 Orestes alitunga danzón aliyoipa jina la Mambo, na mtindo huo, ulioitwa pia mambo, ulipoenea duniani katika miaka ya 1950, sifa na fedha nyingi zilimwendea Dámaso Pérez Prado, aliyeupanga upya kwa bendi kubwa ya tarumbeta akiwa Mexico. Pérez Prado alikuwa bingwa kweli, na mpangilio wake ulikuwa kitu kipya. Lakini mzizi wa mtindo ulikuwa umeoteshwa Havana, na kwa miaka mingi waliojua hivyo walikuwa wanamuziki wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1957 Cachao aliwakusanya wenzake alfajiri, baada ya wao kumaliza kazi za usiku katika kumbi za starehe, wakarekodi vipande vifupi vya kubuni papo hapo bila karatasi, na santuri iliyotoka katika mkesha huo imekuwa kitabu cha kiada kwa kila anayejifunza besi ya Kilatini.

Cachao aliondoka Cuba mwaka 1962, akapitia Hispania, New York na Las Vegas, na hatimaye akatua Miami, ambako bingwa aliyewahi kupiga chini ya uongozi wa mtunzi Stravinsky alijipatia riziki kwa kupiga katika harusi na sherehe za ubatizo. Aliyemtoa katika giza hilo alikuwa mwigizaji wa filamu Andy Garcia, mzaliwa wa Cuba, aliyemwandalia tamasha na kutoa filamu juu yake mwaka 1993. Tuzo ya Grammy ikafuata, Cachao akiwa na umri uliozidi miaka 75, na alifariki mwaka 2008 akiwa bado anapanda jukwaani. Mpwa wake Orlando, mwana wa Orestes, aliyeitwa Cachaíto, alibaki Havana, na besi yake ndiyo inayosikika katika santuri ya Buena Vista Social Club ya mwaka 1997, iliyouzwa kwa mamilioni.

Besi ya Cuba ilirudi Afrika kwa njia ya biashara. Kuanzia miaka ya 1930 kampuni ya HMV iliuza barani mfululizo wa santuri uliotambulika kwa herufi GV, nyingi zikiwa za muziki wa Cuba, na wanamuziki wa Léopoldville, Kinshasa ya leo, walizisikiliza hadi wakaubeba mtindo huo na kuuvisha Kilingala na gitaa zao. Katika bendi ya OK Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1956, mpiga besi Moniania, aliyeitwa Roitelet, alikuwa miongoni mwa waliouweka msingi wa rumba ya Kongo, na miaka mingi baadaye Mpudi Zinga, maarufu kwa jina la Decca, alishika nafasi hiyo katika bendi hiyohiyo. Mtindo ukasafiri tena kuelekea mashariki, na bendi za dansi za Dar es Salaam zikajengwa juu ya mgawanyo wa gitaa la solo, la ridhimu na la besi. Katika Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978 na kupendwa kwa mtindo wake wa Sikinde, besi ya Suleiman Mwanyiro ilikuwa ikizungumza na kunyamaza kwa zamu, ikiliachia solo nafasi ya kujibu.

Zanzibar ina nasaba yake tofauti. Kontrabasi ya taarabu iliingia kwa mfano wa orkestra za Misri, ikachukuliwa na vyama kama Ikhwan Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, na Culture Musical Club, na humo hudonolewa kwa vidole ili isaidie ngoma. Katika kidumbaki, ngoma ya harusi ambayo ni ndugu wa taarabu asiye na fedha za kununulia vyombo, kazi hiyo hufanywa na sanduku: kasha la mbao la aina iliyopakiwa majani ya chai hugeuzwa kifudifudi, likafungwa uzi mmoja unaopanda hadi kwenye ncha ya fimbo, na mpigaji huivuta fimbo ili uzi ukaze na sauti ipande, au huilegeza ili ishuke. Chombo hakina alama yoyote ya kuonyesha sauti ilipo, hivyo usahihi wote umo katika sikio na kiwiko cha mpigaji, na anayedhani ni mchezo wa watoto hajawahi kukijaribu.

Marekani ilikuwa na mkondo wake, ulioanzia New Orleans na akina Pops Foster, waliopiga uzi kwa nguvu hadi ukagonga mbao ili wasikike bila umeme. Jimmy Blanton, aliyejiunga na bendi ya Duke Ellington mwaka 1939 na kufariki kwa kifua kikuu mwaka 1942 akiwa na miaka 23, alionyesha kwamba kontrabasi inaweza kuimba mahadhi kama tarumbeta. Charles Mingus akaenda mbali zaidi, akawa mtunzi na kiongozi wa bendi, na mwaka 1952 alishiriki kuanzisha kampuni yake mwenyewe ya santuri kwa kuchoshwa na masharti ya wengine. Mwaka 1951 Leo Fender wa California alianza kuuza gitaa la besi la umeme lenye vipande vya chuma shingoni, vilivyomhakikishia mpigaji sauti sahihi kila alipobana uzi, na ndani ya miaka kumi mzigo mkubwa wa kontrabasi ukaanza kuachwa nyumbani.

Aliyelipa gitaa hilo heshima yake ni James Jamerson. Alizaliwa mwaka 1936 katika kisiwa cha Edisto, Carolina Kusini, akahamia Detroit mwaka 1954, na huko akajifunza kontrabasi shuleni na kuipiga katika vilabu vya jazi kabla ya kuajiriwa na kampuni ya santuri ya Motown mwaka 1959. Studio ya kampuni hiyo ilikuwa chumba cha nyumba ya kawaida ya makazi katika mtaa wa West Grand Boulevard, na humo Jamerson, na kundi la wapigaji waliojiita Funk Brothers, walirekodi mchana nyimbo za The Supremes, The Temptations na Marvin Gaye, kisha usiku wakaenda kupiga jazi. Alidonoa kwa kidole kimoja tu cha shahada, kwa desturi aliyotoka nayo katika kontrabasi, na hakubadilisha nyuzi za gitaa lake ila zikikatika, kwa kuwa aliamini uchafu wake ndio uliotunza utamu wa sauti. Ubunifu wake haukuwa katika kasi: aliingiza sauti zisizotarajiwa kati ya sauti za msingi, akachelewesha hapa na kuwahisha pale, hata besi ikawa wimbo wa pili unaokwenda chini ya ule unaoimbwa.

Pamoja na hayo, majalada ya Motown hayakuwataja wapigaji mpaka mwaka 1971, santuri ya What's Going On ya Marvin Gaye ilipochapisha majina yao. Mwaka uliofuata kampuni ilihamia Los Angeles. Jamerson aliifuata, lakini studio za huko zilitaka mpigaji anayefuata karatasi na kupokea mitindo mipya, na ulevi ulikuwa umeshamdhoofisha. Mwaka 1983 Motown ilipoadhimisha miaka 25 kwa onyesho kubwa la televisheni, mtu ambaye besi yake ilikuwamo katika nyimbo nyingi zilizoshangiliwa usiku ule alikata tiketi yake mwenyewe na kuketi ghorofani miongoni mwa watazamaji. Alifariki tarehe 2 Agosti mwaka huohuo akiwa na miaka 47, na heshima za hadharani zilifika baadaye, zikiwamo kitabu cha mwaka 1989 na kuingizwa mwaka 2000 katika jumba la heshima la muziki wa roki.

Wengine waliishi kwa kibarua cha studio bila kuangamia nacho. Carol Kaye, mpiga gitaa wa jazi wa Los Angeles, alishika besi mwaka 1963 siku ambayo mpigaji aliyeajiriwa hakufika, akawa miongoni mwa wanaotafutwa zaidi mjini humo. Huko London, Herbie Flowers alipoitwa mwaka 1972 kurekodi wimbo wa Lou Reed, Walk on the Wild Side, alipiga kwanza kontrabasi kisha akaweka juu yake gitaa la besi, na alieleza mwenyewe kwa ucheshi kwamba aliyepiga vyombo viwili alilipwa zaidi. Mdundo ule umetambulika duniani kote, na yeye alibaki na ujira wa siku.

Jamaika ndiko besi ilikopanda mbele kabisa. Katika reggae ngoma huacha pigo la kwanza tupu mara kwa mara na gitaa hukatakata, hivyo besi ndiyo inayobeba mahadhi, na mafundi mitambo kama King Tubby walipoanza kuzima sauti za waimbaji katika santuri za dabu, kilichobaki kusimama ni ngoma na besi. Aston Barrett, aliyezaliwa Kingston mwaka 1946 na aliyewahi kufanya kazi ya kuchomelea vyuma, alijitengenezea besi ya kwanza kwa mbao nyembamba na fimbo ya pazia; pamoja na mdogo wake Carlton aliyepiga ngoma, alijiunga na Bob Marley na kuwa mpangaji wa muziki wa The Wailers hadi Marley alipofariki mwaka 1981. Mwaka 2006 alifungua mashtaka katika Mahakama Kuu ya London akidai fungu la mirabaha, na yaelezwa kuwa madai yalifikia pauni milioni 60. Alishindwa, kwa sababu, pamoja na mambo mengine, makubaliano ya usuluhishi ya mwaka 1994, ambayo yeye na upande wa nduguye walilipwa kwayo, yalifunga mlango wa madai mapya. Kisheria hukumu hiyo inaeleweka. Kimuziki ni vigumu kuzifikiria nyimbo zile zikisimama bila ya midundo yake.

Mwanafunzi wake, Robbie Shakespeare, aliyezaliwa mwaka 1953 na kufundishwa besi na Barrett mwenyewe, alichukua njia nyingine. Pamoja na mpiga ngoma Sly Dunbar alianzisha kampuni ya Taxi, ili kinachorekodiwa kiwe mali yao wakati huohuo walipokuwa wakikodiwa na wengine, na katika studio ya Compass Point huko Nassau wawili hao wakampigia mwimbaji Grace Jones kwa masharti ya watu waliokwishajulikana kwa majina yao. Shakespeare alifariki Desemba 2021, na Barrett akamfuata Februari 2024.