Aliyenyamaza Kwanza

Mei 2015 nilikuwa sekondari, na kila asubuhi nilikatiza njiapanda ya Mwandiga, pale barabara ya Kasulu inapoachana na ya Manyovu. Wiki zile mabasi yalipita yamejaa Warundi waliokimbia machafuko ya kwao. Walitokea Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika, kisichofikika kwa gari. MV Liemba, meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, iliwaleta Kigoma kama watu 600 kwa safari. Walipumzishwa Uwanja wa Lake Tanganyika, kisha wakapelekwa kambi ya Nyarugusu.

Kipindupindu kilisafiri nao. Kabla mwezi haujaisha, UNHCR lilihesabu wagonjwa kama 3,000 na vifo 31: wakimbizi 29, Watanzania 2. Vifo 31 ni misiba 31. Lakini kipindupindu kikali kisipotibiwa huweza kuua hata nusu ya wanaougua, na pale alikufa kama mmoja kwa mia. Wengine waliponaje?

Jibu nililipata kwa shangazi yangu, mhudumu wa afya wa jamii. "Mwanangu," aliniambia, "anayelia ana pumzi. Nenda kwanza kwa aliyenyamaza." Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Akanionyesha. Tazama macho: yamezama? Mwite: anaitika, au amelegea? Mpe kikombe: anakigombania, au hawezi kunywa? Mwisho, finya ngozi ya tumbo na uiachie. Ikirudi polepole, maji yamepungua mwilini. Ikikawia zaidi ya sekunde 2, na mgonjwa amelegea, huyo ni wa dripu, sasa hivi. Anayeweza kunywa anaanzishiwa ORS.

Wazo la kumtanguliza aliye hatarini zaidi lina historia ndefu. Dominique-Jean Larrey, daktari wa jeshi la Napoleon, alitaka majeruhi wahudumiwe kwa uzito wa jeraha, si kwa cheo. Mwaka 1971, vita vya Bangladesh viliposukuma wakimbizi hadi Bangaon, India, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu. Akachanganya maji, chumvi na sukari, akawakabidhi ndugu wa wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Vifo vilishuka kutoka takriban asilimia 30 hadi chini ya 4.

Hapo ndipo naona mabadiliko makubwa. Zamani kupima wagonjwa kwa haraka kulikuwa kuamua nani apewe kile kidogo kilichopo. Baada ya Bangaon, mama naye akawa mtoa huduma: wengi wananyweshwa na watu wao, na dripu chache zinabaki kwa wale ambao kikombe hakiwatoshi.

Masika moja jirani alituita usiku. Watoto wawili walikuwa wakiharisha. Mkubwa alipiga kelele, na kila mtu alimzunguka. Mdogo alilala mkekani. Walidhani usingizi umemchukua. Nilimpita mkubwa. Nikafinya ngozi ya yule mdogo, nikaiachia, nikahesabu. Ilirudi polepole. Nikamwita jina, akafumbua macho. Nikamsogezea kikombe.

Alikishika kwa mikono miwili, akanywa, akalia alipoona nakiondoa nikijaze tena. Sijawahi kufurahia kilio namna ile. Tukawapakia wote wawili kwenye bodaboda kwenda zahanati, mama akiendelea kumnywesha kijiko kwa kijiko.