Baridi Mikononi mwa Mpagazi

Mkazi wa Upanga apungukiwapo na kitu nyumbani huvuka Barabara ya Morogoro, akaingia Kariakoo. Mwendo ni mfupi, na jasho la njiani humkumbusha kuwa yu Dar es Salaam. Mji huu haujui baridi iumayo. Katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, kusi ivumapo, alfajiri hupoa hata karibu na nyuzi 18, na wazee hujitanda shuka wakasema ya kuwa mwaka huu umezidi. Hata hivyo, katika soko la mji huu wa joto huuzwa makoti mazito, fulana za sufu, kofia za kufunika masikio na glavu. Hutoka katika marobota ya mitumba yaliyofungwa Ulaya na Marekani, na wanunuzi wake ni wanafunzi waendao Njombe na Makete, wasafiri wa ng'ambo, na vijana waliopata kazi ya kubeba mizigo Kilimanjaro.

Mpwa wangu alikuwa mmoja wa vijana hao. Usiku mmoja, alipokuwa akifunga mzigo wake hapa Upanga, alinionyesha vifuko viwili vidogo vilivyofungwa katika karatasi ya nailoni. Alipewa na mtalii katika safari iliyotangulia. Ni vifuko vya kupashia mikono joto: mtu hufungua karatasi, akakitikisa kifuko, akakitia ndani ya glavu, na kwa saa kadhaa kikatoa ujoto bila ya moto wala moshi. Kikiisha hutupwa, maana hakitumiki mara ya pili. Kijana akaniuliza, "Mjomba, hivi ni viwili, na sisi kambini tu kumi na wanane. Nitampa nani?"

Sikuwa na jibu usiku ule. Insha hii ni jaribio la kulitafuta katika historia, kwa kuwa swali lile ni la zamani kuliko kifuko chenyewe. Habari za baridi katika nchi yetu, kwa sehemu kubwa, ni habari za mikono ya watu waliobeba mizigo ya wengine.

Kwanza na tukitazame kifuko. Ndani yake mna unga wa chuma, maji kidogo, chumvi, mkaa uliosagwa, na madini mepesi yenye kushika unyevu. Hewa inapopenya, chuma hushika kutu, na kila kutu ishikapo hutoa joto. Msumari ulioachwa nje hufanya kazi iyo hiyo, ila kwa miezi na miaka, hata joto lake halisikiki. Unga, kwa wepesi wa chembe zake na kwa msaada wa chumvi, huifanya kazi ya miezi kwa muda wa saa chache. Wajapani ndio waliotangulia kuueneza ufundi huu. Mwaka 1923 Niichi Matoba alianza kuuza chombo cha mfukoni kilichotoa joto kwa mvuke wa benzini, na mwaka 1978 vifuko vya unga wa chuma viitwavyo Hokaron vikaingia madukani huko Japani.

Kwa nini mikono, wala si kifua? Mwili una hekima yake, na hekima hiyo ni kali. Baridi izidipo, mishipa ya vidole hujibana ili damu ya moto ibaki karibu na moyo na ubongo. Vidole huachwa vijitetee vyenyewe. Baridi ikishuka chini ya kiwango cha maji kuganda, na hasa kukiwa na upepo na unyevu, nyama ya vidole yaweza kuganda na kufa. Basi mwili nao huhesabu: hulinda kilicho ndani na kutoa mhanga kilicho pembeni.

Habari hii ilijulikana Uchagani kabla ya kufika mgeni kutoka Ulaya. Mmisionari Johannes Rebmann, aliyefika huko mwaka 1848, aliandika ya kuwa alihadithiwa habari za mfalme wa Machame aliyetuma watu mlimani kuchungua kitu cheupe kilichong'aa kama fedha. Kwa hadithi hiyo, alirejea mtu mmoja tu, na mikono na miguu yake imeharibiwa na baridi. Wale hawakujituma wenyewe. Walitumwa, na aliyetaka kujua kilichoko juu alibaki chini.

Tarehe 11 Mei 1848 Rebmann aliona weupe wa kilele kwa macho yake. Akamwuliza kiongozi wake wa njia, naye akauita kwa neno moja: baridi. Rebmann alitambua ya kuwa ni theluji, akaandika hivyo, na wataalamu wa London wakabishana naye kwa miaka. Ubishi ule ulikuwa juu ya theluji, yaani juu ya kitu kionekanacho kwa mbali. Neno la kiongozi halikubishaniwa na mtu, pengine kwa kuwa halikudhaniwa kuwa ni elimu. Lakini naona lilikuwa na elimu kubwa. Mgeni aliupa weupe ule jina la kinachoonwa na jicho. Mwenyeji aliupa jina la kinachosikiwa na mkono.

Miaka 41 baadaye, tarehe 6 Oktoba 1889, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni. Meyer alikwisha kushindwa kabla ya hapo, naye alijifunza ya kuwa kilele hakifikiwi kwa ushujaa wa miguu peke yake. Chakula, kuni na mahema lazima vipandishwe, na lazima viwe na mlinzi. Katika kitabu chake anamtaja Mwini Amani, mtu wa Pangani, aliyekaa katika kambi ya juu wakati Wazungu wale wawili walipokuwa wakipanda na kushuka. Fikiri, msomaji: mtu wa pwani, mzawa wa minazi na maji ya chumvi, akae siku baada ya siku mahali ambapo maji huganda usiku, ili wageni wakirudi wakute moto. Jina la Meyer limeandikwa katika vitabu vya dunia. La Mwini Amani lahitaji kutafutwa.

Kutoka mlimani turudi sasa sokoni, maana jina la Kariakoo lina habari iyo hiyo kwa kipimo kikubwa zaidi. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika Afrika Mashariki mwaka 1914, nchi haikuwa na barabara za kutosha, na mbung'o waliwaua wanyama wa mizigo. Kwa hiyo risasi, unga na dawa vilibebwa na vichwa na mabega ya watu. Waingereza waliwaandika wapagazi katika kikosi kilichoitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na ulimi wa Kiswahili ukalilainisha jina hilo likawa Kariakoo. Majeshi ya Waingereza yaliingia Dar es Salaam mwezi wa Septemba 1916, na kambi ya wapagazi ikawekwa katika eneo ambalo Wajerumani walikuwa wamelitenga kuwa mji wa Waafrika. Vita vilipokwisha wapagazi waliondoka, jina likabaki. Nairobi nako mtaa wa Kariokor una asili iyo hiyo.

Katika vita vyote, wapagazi walioandikwa upande wa Waingereza na washirika wao wanakadiriwa kuwa kama milioni moja, na wanahistoria hukadiria waliokufa kuwa karibu laki moja. Waliouawa kwa risasi walikuwa wachache. Wengi walikufa kwa kuhara damu, malaria, njaa na homa ya mapafu. Watu wa mabondeni walipitishwa nyanda za juu katika mvua, na vazi lao lilikuwa haba. Upande wa Wajerumani nao ulichukua wapagazi kwa nguvu, na hesabu yao haikutunzwa vema. Waliowatuma walijua uzito wa kila mzigo. Idadi ya wabebaji waliokufa haijulikani hata leo kwa uhakika.

Katika Barabara ya Samora imesimama Sanamu ya Askari, iliyowekwa mwaka 1927. Maandiko yaliyo chini yake yanawataja wapagazi kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Ni sifa njema, na ni ya kweli. Lakini aliyesimama juu ya jiwe ni askari mwenye bunduki. Mpagazi yumo katika maneno, hakusimamishwa juu ya jiwe. Tena, tukikumbuka tabia ya mwili tuliyoieleza, sifa ile ina utisho ndani yake: miguu na mikono ndiyo viungo ambavyo mwili huviacha kwanza baridi izidipo.

Neno mtumba lenyewe latufundisha. Katika misafara ya kale, mtumba ulikuwa robota la nguo lililofungwa kwa kipimo cha mpagazi mmoja. Leo mitumba ni nguo zilizokwisha kuvaliwa na wengine. Kwa hiyo kijana anunuaye glavu za mtumba Kariakoo ili akabebe mizigo Kilimanjaro anatumia maneno mawili ya kipagazi kwa pumzi moja, pengine bila ya kujua.

Usiku wa kuamkia uhuru wa Tanganyika, Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliupandisha mwenge na bendera kwenye kilele ambacho sasa chaitwa Uhuru, chenye urefu wa mita 5,895. Tangu hapo wapandaji wameongezeka, na kila mpandaji huhitaji wabebaji kadhaa. Kanuni ya hifadhi imeweka kilo 20 kuwa kikomo cha mzigo wa mpagazi. Tangu mwaka 2003 umekuwako mradi wa kuwasaidia wapagazi, wenye makao yake Moshi, ambao huwaazima nguo za baridi bila ya malipo. Haya ni maendeleo, wala si haki kuyadharau. Lakini kuwako kwa ghala la kuazima nguo kwaonyesha ya kuwa wako waendao mlimani wasio nazo.

Na kifuko je, chafaa? Chafaa, ila kwa masharti. Kwa kuwa joto lake latokana na hewa, pale hewa ipunguapo nalo hupungua. Katika kilele cha Uhuru hewa ni kama nusu ya ile ya pwani, na kifuko kinachochoma Upanga huwa vuguvugu tu huko. Yafaa kifunguliwe mapema, kabla ya vidole kufa ganzi, kisiloweshwe, wala kisibanwe hata kikakosa pumzi. Kisilazwe juu ya ngozi tupu kwa muda mrefu, maana huunguza, na mwenye ganzi hasikii anapoungua. Kikiisha kishushwe pamoja na taka nyingine. Hatari zaidi ni kutia jiko la mkaa ndani ya hema au chumba kilichofungwa: hewa yake yenye sumu haina harufu, na aotaye moto huo hulala asiamke.

Mpwa wangu alirudi salama baada ya siku 9. Nilimwuliza vifuko vilikwenda kwa nani. Alisema alimpa mwenzake mmoja aliyelowa mvua siku ya tatu, na kwamba ujoto wake ulikuwa haba. Kilichomsaidia mwenzake yule kilikuwa glavu kavu, ambazo kiongozi wao alizivua mikononi mwake mwenyewe akampa, akatia mikono yake makwapani mpaka asubuhi.

Jawabu la swali lake nimelipata katika kitendo hicho kuliko katika vitabu. Mtu wa kwanza kupewa ujoto ni yule ambaye mikono yake imebeba. Mfalme wa Machame hakulifikiri hilo, majeshi ya vita hayakulitia katika hesabu, na sisi tununuao sokoni Kariakoo tumelisahau hata katika jina la soko. Kiongozi yule wa mlimani alilijua, naye hakuhitaji kifuko.