Jina la Baba: Kutoka Nyanza hadi Umoja

Jina la ukoo, yaani jina ambalo baba humrithisha mwana na mjukuu bila kubadilika, ni mali changa kuliko inavyodhaniwa, kwani hata Ufaransa, iliyoanza kuandikisha ubatizo kwa amri ya Villers-Cotterêts ya 1539, ilihitaji sheria ya 1794 kumkataza raia kutumia jina lisilokuwamo katika cheti chake cha kuzaliwa.

Miongoni mwa Wajaluo, ambao mababu zao walishuka kutoka Sudan Kusini ya leo hadi Nyanza, kwenye ufuo wa Ziwa Viktoria, jina lilieleza saa ya kuzaliwa: Otieno ni wa usiku, Onyango ni wa asubuhi jua likishapanda, na herufi O ya mwanzo humtambulisha mwanamume kama A imtambulishavyo mwanamke. Otieno aliitwa wuod Onyango, maana yake mwana wa Onyango, lakini wanawe waliitwa wana wa Otieno, na jina la babu likaachwa nyuma. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, ikawachukua vijana kwenda kutafuta kazi. Kisha kipande, cheti chenye alama za vidole ambacho wanaume Waafrika nchini Kenya walilazimishwa kukivaa shingoni katika miaka ya 1920, kikaligandisha jina la baba katika maandishi ya serikali.

Ndiyo maana katika Umoja, mtaa uliojengwa Eastlands, Nairobi, katika miaka ya 1970 kwa ufadhili wa Marekani, binti aitwaye Akinyi, aliyezaliwa asubuhi, huandikwa shuleni Akinyi Otieno, akibeba usiku wa babu yake pamoja na herufi ya kiume.