Kabla ya kuwa baharia unaanza kuwa samaki: maisha ya kuruta kwenye manowari za Kisovieti

Mtaani Bongo ukiitwa baharia unajiona mwamba. Ila kuna sehemu jina hilo lililipiwa kwa miaka mitatu ya jasho na makofi: kwenye manowari za Umoja wa Kisovieti.

Iko hivi. Sheria ya mwaka 1967 ilisema kijana akichukuliwa jeshi la nchi kavu anatumikia miaka 2. Akipangiwa manowari ni miaka 3, na kabla ya hapo ilikuwa hata zaidi. Hakuna kuchagua. Rafiki yako wa darasani anarudi kwa mama, wewe bado unasugua sitaha kwenye baridi la kaskazini.

Sasa humo ndani cheo cha begani hakikuwa kitu sana. Watu waliulizana umekaa muda gani, na kila muda ulikuwa na jina lake. Kuruta aliitwa "karas", samaki mdogo wa bwawani. Yaani uko baharini halafu unaitwa samaki wa dimbwi! Ukifikisha mwaka na nusu unakuwa "polutorashnik", mtu wa moja na nusu. Mwishoni kabisa ndio unakuwa "godok", kutoka neno la Kirusi lenye maana ya mwaka. Huyo ndiye mkubwa. Hafui, hadeki, kazi zote anawaachia samaki.

Kilichokoleza mambo ni kwamba sheria hiyohiyo ilileta makuruta mara mbili kwa mwaka, badala ya mara moja. Kila miezi sita wanaingia wapya, wengine wanapanda ngazi. Aliyepigwa jana leo anapata wa kumpiga. Mchezo huo ukapewa jina, "godkovshchina", yaani utawala wa magodok. Maofisa wengi walifumba macho, kwa sababu wakongwe ndio walioijua meli na ndio waliowanyoosha wapya. Wapo vijana waliorudi nyumbani na vilema, na wapo ambao hawakurudi.

Godok naye alikuwa na presha yake. Alihesabu siku mia moja kabla ya amri ya waziri wa ulinzi ya kuwaachia, iliyotoka gazetini. Usiku anatengeneza albamu ya picha ya kwenda kuringia kijijini. Ukiiona utadhani alikuwa anakula bata tu. Vile vibao vya mwaka wa kwanza humo havimo.

Umoja wa Kisovieti ulivunjika 1991, na tangu 2008 kuruta wa Urusi anatumikia mwaka mmoja tu. Ngazi ya samaki hadi godok ikakosa pa kusimama, maana mtu akianza kujiona mkongwe, muda wake umekwisha.

Haya mabaharia wa mtaani, miaka mitatu hiyo mngetoboa? Na ukishakuwa godok, wewe ungemwachia samaki apumzike, au na wewe ungelipiza?