Semboja wa Mazinde na menyu ya simu yako

Majaribio ya katikati ya muhula yamekwisha, bumu nalo limekwisha (lenyewe huwa halisubiri mtu!), kwa hiyo nina muda wa kuandika. Leo tuachane na habari za bwenini na foleni ya mgahawa. Naomba niandike historia kidogo, maana ndiyo somo langu pamoja na Kiswahili.

Kwenye semina ya wiki iliyopita mhadhiri alituuliza swali moja: Usambara ya karne ya 19, nani alikuwa na nguvu zaidi, aliyekaa kwenye kiti cha enzi au aliyekaa njiani? Wengi wakasema kiti. Mimi nikasema njiani, nikataja Mazinde. Mwaka jana nilifanya mazoezi ya kufundisha huko, kwa hiyo pale ninapajua kwa miguu yangu.

Kwa wasiopafahamu, Mazinde iko chini ya milima, ukishapita Mombo kwenye barabara kuu ya kwenda Same na Moshi. Ufalme wa Wasambaa ulitawaliwa kutoka Vuga, huko juu mlimani. Mfalme Kimweri ye Nyumbai alipofariki mwaka 1862, kiti kikaenda kwa mjukuu wake Shekulwavu. Mwanawe Semboja hakuridhika. Yeye alikaa Mazinde, kwenye tambarare, misafara ya kutoka pwani kwenda bara ikipita mlangoni kwake. Akafanya biashara, akapata bunduki, akapigana hadi Vuga ikawa mikononi mwake. Hapo ndipo penye utamu. Baada ya kushinda hakupanda mlimani kukalia kiti. Alimweka mwanawe Vuga, yeye akabaki Mazinde. Steven Feierman ameieleza habari hii vizuri kwenye kitabu chake cha mwaka 1974 kuhusu ufalme wa Wasambaa. Semboja aliona kwamba kila mtu lazima apite pale, na anayekaa pale ndiye anayepanga masharti.

Sasa mtasema huyu mwalimu mtarajiwa anatupeleka wapi. Nawapeleka kwenye simu zenu.

Chukua simu ya kitochi, mfano Nokia 1100 iliyotoka mwaka 2003. Kila kitu unachokiona kwenye kioo chake kimepangwa na aliyeitengeneza simu. Kampuni ya mtandao ina minara, benki ina hela, lakini kioo si chao. Je, wakitaka kukuwekea menyu yao wenyewe juu ya simu ya mtu mwingine, wanafanyaje? Zilipatikana njia mbili, na Afrika Mashariki tulizitumia zote.

Njia ya kwanza ni kuificha menyu ndani ya laini. Laini ya simu ni kompyuta ndogo, inaweza kuiambia simu: onyesha orodha hii, uliza namba ya siri, tuma jibu. Ndivyo Safaricom ya Kenya walivyoanza na M-Pesa tarehe 6 Machi 2007. Jaribio lake lilikuwa limefanyika tangu mwaka 2005, Nairobi na Thika, pamoja na taasisi ya mikopo ya Faulu. Lengo la mwanzo lilikuwa watu walipe mikopo yao kwa simu, kumbe watu wakaanza kutumiana hela wao kwa wao, na mpango ukabadilika. Uzuri wa njia hii ni kwamba menyu unayo mfukoni hata kabla hujaongea na mtandao. Ubaya wake ni kwamba asiye na laini yenye menyu hiyo inabidi abadilishe laini.

Njia ya pili ndiyo yetu. Vodacom Tanzania walipoleta M-Pesa mwaka 2008 walitumia menyu inayokaa kwenye mtandao, ile ya kupiga *150*00#. Hapo laini yoyote ya Vodacom na simu yoyote inafaa. Lakini kila ukurasa unabeba herufi 182 tu, na mtandao unakusubiri kwa muda mfupi. Ukichelewa inakatika, unaanza upya.

Niliyaona haya Mazinde kwa macho yangu. Jioni moja nilikuwa kwa wakala, akaja bibi mmoja jirani yetu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwalimu. Hebu nisomee hapa, mwanangu kanitumia hela nami nataka kutoa."

Bibi huyu Kiswahili anasoma vizuri tu, alijifunza kwenye elimu ya watu wazima miaka ya 1970. Shida ilikuwa mwendo. Mpaka avae miwani, asome ukurasa, atafute kitufe, menyu imeshakatika. Ikakata mara tatu! Mara ya nne akaona asituchoshe, akaanza kuitaja namba ya siri kwa sauti mbele ya foleni nzima. Nikamwambia, bibi, usinitajie mimi wala mtu mwingine, bonyeza mwenyewe tutakusubiri. Ikapita. Lakini nilijiuliza ni mara ngapi ameitaja nisipokuwepo. Aliyepanga muda ule hakuwa na nia mbaya. Nadhani alimfikiria mtu mwenye macho ya kijana, basi.

Turudi kwenye historia. Mwaka 2014 huko Kenya ilitokea vita ambayo Semboja angeielewa mara moja. Benki ya Equity, kupitia kampuni yake ya Finserve, ilipata leseni ya kutoa huduma za simu kwa kutumia minara ya Airtel. Tatizo lilikuwa lile lile: wateja wengi tayari walikuwa na laini ya Safaricom, na simu nyingi zina tundu moja. Equity wakaja na kadi nyembamba ya milimita 0.1, teknolojia ya kampuni ya Taisys ya Taiwan, ambayo unaibandika JUU ya laini uliyonayo. Simu inakuwa na laini mbili kwenye tundu moja, na menyu ya benki inatokea bila kuitoa ya zamani. Safaricom wakapinga, wakisema kilichobandikwa juu kinaweza kusoma kinachopita chini, namba za siri zikiwemo. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ikaruhusu jaribio la mwaka mmoja, na huduma ikajulikana kama Equitel. Ukiangalia vizuri, waligombania pale kidole cha mteja kinapogusa. Minara haikuwa ugomvi.

Simu za kupangusa zilipoenea, ugomvi ukahama kutoka kwenye plastiki kwenda kwenye programu. Android ilianza kuuzwa mwaka 2008, na humo mtengeneza programu anapewa vitufe vya kawaida, masanduku ya kuandikia na orodha. Asiporidhika anajichorea vyake. Anaandika mwenyewe kipimo cha kitufe, anakichora mstari kwa mstari, kisha anaeleza kidole kikigusa kitokee nini. Programu nyingi za benki zina kibao chao cha namba ndani kwa ajili ya namba ya siri, kwa sababu kibao cha kawaida cha simu kinaweza kuwa kimetengenezwa na mtu usiyemjua, naye akasoma unachoandika. Hapo kujitengenezea kuna maana.

Kisha kuna madirisha yanayoelea juu ya programu nyingine. Mwaka 2013 Facebook walileta vile viduara vya picha za marafiki vinavyoelea juu ya chochote unachofanya. Truecaller nayo inakuwekea jina la anayepiga juu ya kioo. Vitu vizuri! Lakini mlango ule ule akaupitia mwizi. Programu yake inasubiri ufungue benki yako, kisha inachora juu yake ukurasa unaofanana kabisa, nawe unaandika namba ya siri ukidhani uko benki. Kuanzia Android 6 ya mwaka 2015, ruhusa ya kuelea juu ya wengine ikatengwa na ruhusa za kawaida. Hata hivyo mwaka 2017 watafiti wa Georgia Tech na wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, walionyesha kwamba programu zilizotoka kwenye duka la Google zilikuwa zinaipata bila mwenye simu kuulizwa. Android 12 ya mwaka 2021 ndiyo iliyozipa programu uwezo wa kuyaficha madirisha ya wengine zinapokuwa wazi, na ikazuia miguso mingi inayopenyezwa kupitia dirisha la juu.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii. Tukisoma historia ya simu kwetu tunahesabu minara na wateja, yaani tunahesabu kiti cha Vuga. Kioo tunakisahau, ilhali ndicho Mazinde yake. Na kama ilivyokuwa Mazinde, anayekaa njiani anaweza kukusaidia au kukukamua. Safaricom walipoongeza kipengele cha Hakikisha, mtumaji akaona jina la mpokeaji na akapewa sekunde chache za kusitisha akiona siye. Ni kipande kidogo tu cha menyu, lakini fikiria hela za ada ngapi zimeokoka kwenda kwa mtu baki.

Kuna wengine hatuwafikirii kabisa. Hapo juu Lushoto iko shule ya wasioona ya Irente. Simu ya Android ina TalkBack, inayosoma kioo kwa sauti. Vitufe vya kawaida inavisoma vyenyewe. Kile cha kujichorea, kama aliyekichora hakukiandikia jina, mara nyingi TalkBack inakipita kimya au inasema tu kwamba ni kitufe. Kibao kile kile cha namba kinachomlinda mwenye macho kinaweza kumfungia nje mwanafunzi wa Irente. Kuandika jina hilo ni mstari mmoja tu wa programu, wadau!

Nyie wa kompyuta mnaopita hapa, mkijichorea vitufe viandikieni majina, na muda wa kusubiri uongezeni. Sisi wa ualimu tukienda vijijini tusiishie kumsomea mtu menyu. Tumwonyeshe jina la mpokeaji linapotokea, na tumzoeze kubonyeza namba yake ya siri mwenyewe, hata foleni ikinuna.

Ni hayo kwa leo. Kesho saa 2 asubuhi nina uwasilishaji wa Saikolojia ya Elimu na sijafungua hata ukurasa. Niombeeni.